Kigumu, Majimaji na Mvuke: Elimu ya Jikoni Inayookoa Maisha

(Maelezo yaliyotolewa kwa akina mama, vijana na wazee katika semina ya siku moja juu ya usalama wa nyumbani. Tumeyachapa jinsi yalivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa mwishoni.)

Najua wengine mmeacha ng'ombe hawajakamuliwa. Nitajaribu kuwa mfupi, lakini jambo lenyewe lina uzito.

Mlipoona katika ratiba ya kwamba leo tunazungumza juu ya "hali za vitu", nadhani wengine mlisema, haya ni mambo ya watoto wa shule. Ni kweli watoto wetu wanayasoma. Wanaandika kwenye daftari, wanapata alama, wanasahau. Lakini anayeishi na mambo haya kila siku ni mama anayepika, ni kijana anayebeba mitungi ya gesi kwa pikipiki, ni baba anayeweka petroli ya jenereta nyuma ya mlango. Asiyejua jinsi kitu kinavyogeuka kutoka hali moja hadi nyingine anaweza kupoteza nyumba na watoto kwa dakika moja. Ndiyo maana nikaomba nafasi hii.

Hali tatu

Karibu kila kitu tunachokishika au kukivuta puani kiko katika hali moja kati ya tatu. Kuna kitu kigumu, au yabisi, kama jiwe, chumvi na barafu. Kuna kioevu, yaani cha majimaji, kama maji, maziwa na mafuta taa. Na kuna gesi, kama hewa tunayopumua na mvuke.

Vitu vyote vimeundwa kwa chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Katika kitu kigumu chembe hizo zimeshikana, kila moja mahali pake, kama watu waliokaa kwenye viti kanisani. Zinatikisika tu hapo hapo. Katika kioevu ni kama watu wakati wa kutoka mlangoni: wamesongamana bado, lakini wanapitana. Katika gesi ni kama watoto waliofunguliwa kwenda kucheza uwanjani. Kila mmoja anakimbia upande wake, na nafasi kati yao ni kubwa.

Kinachozifanya chembe ziinuke na kukimbia ni joto. Ukikipa kitu joto, kigumu kinayeyuka na kuwa majimaji. Ukiongeza, majimaji yanageuka gesi. Ukiondoa joto, safari inarudi nyuma: mvuke unakuwa maji chini ya kifuniko cha sufuria, na mafuta ya kupikia yanaganda asubuhi ya baridi. Kitu chenyewe hakijabadilika. Barafu ni maji, mvuke ni maji. Kilichobadilika ni jinsi chembe zake zinavyokaa.

Shikeni maneno mawili hapo: joto na nafasi. Yote nitakayosema yanatoka kwa hayo mawili.

Sufuria inayochemka

Hebu tuanze na joto. Ukiweka maji motoni yanazidi kupata joto mpaka yachemke. Yakishachemka, hata uongeze makaa namna gani, maji hayazidi joto lile. Kule Mombasa, karibu na bahari, yanachemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwa nyuzi 94 au 95 hivi. Sisi wa milimani zaidi, ni chini ya hapo. Na juu kabisa kwenye kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, maji yangechemka kwa nyuzi 83 hivi. Sababu ni kwamba huku juu hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi, kwa hivyo chembe zinaruka mapema.

Hii ndiyo sababu maharagwe ya milimani hayaivi haraka. Mama, si uvivu wako. Maji yako yanatokota, lakini hayana joto la maji ya Mombasa. Loweka githeri yako usiku kucha, ufunike sufuria, utaona tofauti.

Sasa, moto unaoongeza baada ya maji kuchemka unaenda wapi? Unaenda kuyafanya maji yawe mvuke. Na kazi hiyo inakula moto mwingi sana. Kuchukua lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 ni kazi moja. Kuyamaliza yote yawe mvuke kunahitaji moto karibu mara 7 ya huo wa kwanza. Kwa hivyo unayechochea jiko wakati sufuria tayari inachemka, hupiki haraka zaidi. Unachoma makaa ili mvuke utokee dirishani. Ikichemka, punguza moto, funika, acha itokote polepole. Chakula kitaiva wakati ule ule na gunia la makaa litakaa siku nyingi zaidi.

Na maji ya kunywa je? Yafikishe kwenye mchemko mkali, yaendelee hivyo dakika 1. Mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, yape dakika 3. Zaidi ya hapo ni kupoteza kuni. Kisha yafunike, yapoe ndani ya chombo kile kile.

Mvuke unavyochoma

Nimesema mvuke umebeba moto mwingi. Moto huo haujapotea, umefichwa ndani yake. Mvuke ukigusa ngozi yako unageuka kuwa maji, na hapo unauachilia moto wote uliobeba, juu ya ngozi. Ndiyo maana mvuke wa birika unachoma vibaya kuliko maji yenyewe. Ukifunua sufuria, inua kifuniko kwa upande wa mbali nawe, ili mvuke uende kule na si usoni. Na mtoto asikae mgongoni wakati unafunua sufuria kubwa.

Mtu akichomeka, mmwagilie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si yai, si mafuta. Vitu hivyo vinafungia joto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda. Maji, kisha kitambaa safi, kisha hospitali.

Jokofu bila stima

Kabla sijaenda kwenye mambo ya kutisha, niwape zawadi ya jambo hili hili. Maji yanaweza kuwa mvuke hata bila kuchemka. Nguo inakauka kwenye kamba, si ndiyo? Chembe za juu zinaruka moja moja, na kila inaporuka inachukua joto kidogo. Ndiyo sababu ukitoka kuoga unasikia baridi, na ndiyo sababu maji ya mtungi wa udongo ni baridi kuliko ya ndoo ya plastiki. Mtungi wa udongo unatoa jasho.

Watu wamelitumia jambo hili kwa busara. Katika miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alieneza vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi. Mboga za wakulima zikakaa siku nyingi zaidi kabla ya kuoza. Hapa Kenya tunalo sanduku la makaa: kuta mbili za waya, katikati makaa, na makaa yanamwagiwa maji asubuhi na jioni. Upepo ukipita, maji yanaondoka na joto, ndani kunabaki baridi. Kikundi cha akina mama kinachouza sukuma wiki au nyanya kinaweza kulitengeneza kwa gharama ndogo. Ila mjue, linafanya kazi vizuri mahali pakavu, kama Kitui au Kajiado. Kule pwani ambako hewa imejaa unyevu, jasho halikauki na baridi ni kidogo.

Maji juu ya mafuta yanayowaka

Sasa tuje kwa neno la pili, nafasi. Kitu kikigeuka gesi kinataka nafasi kubwa mno. Lita moja ya maji ikiwa mvuke inajaza kama lita 1,700. Fikirini kopo moja la maji likitaka kujaza mapipa 8 makubwa, mara moja.

Unakaanga mandazi, mafuta yanashika moto. Mafuta hayo yamepita nyuzi 300. Mtu anapaniki, anamwaga maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hivyo yanazama chini, na huko chini yanageuka mvuke papo hapo. Mvuke unalipuka kwenda juu, ukibeba mafuta yanayowaka hadi darini na usoni mwa mwenye kumwaga. Moto uliokuwa ndani ya karai sasa umejaa nyumba.

Usimwage maji. Usibebe karai kukimbia nalo nje. Zima jiko kama unaweza kulifikia, kisha funika karai kwa kifuniko au kwa kitambaa kizito kilicholowa na kukamuliwa. Moto ukikosa hewa unakufa. Liache lipoe kabisa, usichungulie.

Petroli na mafuta taa

Petroli hugeuka gesi hata kwenye baridi. Huhitaji kuipasha. Ukifungua tu mtungi wake, mvuke wake unatoka, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji, unapita chini ya mlango, unatafuta moto popote ulipo, hata jikoni kwa jirani. Kinachowaka kwanza ni mvuke, ndiyo maana mtu anaweza kuungua kabla hajagusa petroli yenyewe.

Nchi yetu imejifunza hivyo kwa machozi. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbia na mitungi na ndoo. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja na kuingia katika mtaro wa mtaa wa Sinai, Nairobi, watu wakaenda kuchota, na tena tukazika wengi. Watu wale hawakuwa wajinga wala wezi kama wengine walivyosema. Walikuwa maskini walioona lita chache za bure. Hawakuona mvuke uliokuwa umewazunguka, maana hauonekani. Mwambieni kila kijana: lori la mafuta likianguka, kimbia upande wa kule upepo unakotoka, uende mbali. Hakuna ndoo ya petroli yenye thamani ya mtu.

Mafuta taa ni tofauti kidogo. Kwa kawaida hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yafike nyuzi 38 au zaidi, ndiyo maana koroboi inakaa salama. Lakini yakichanganywa na petroli, hata kidogo, jiko la mafuta linakuwa bomu. Kwa hivyo usinunue mafuta taa kwa mtu anayejaza petroli na mafuta taa kwa mtungi ule ule. Na usiongeze mafuta katika taa au jiko linalowaka au lililo moto bado.

Mtungi wa gesi

Nimefika mahali nilipotaka kufika. Familia nyingi sasa zimeacha kuni na kununua mtungi wa gesi. Nafurahi, kwa sababu moshi unaua akina mama wetu polepole. Lakini tumepewa mtungi bila kupewa elimu.

Ukitikisa mtungi, unasikia nini? Unasikia majimaji. Gesi hiyo imekandamizwa mpaka ikawa kioevu. Ndani kuna propeni na buteni. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, buteni karibu na sifuri. Maana yake, hapa kwetu zinataka kuchemka kila saa. Ni chuma cha mtungi tu kinachozizuia. Ukifungua, zinachemka na kutoka zikiwa gesi, na kila lita moja ya kioevu inakuwa kama lita 250 za gesi.

Fanyeni hesabu nami. Mtungi wa kilo 6 una kioevu kama lita 11. Ukivuja wote, ni zaidi ya lita 2,500 za gesi. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari la mita 2 na nusu, kina hewa lita 22,500. Gesi ikifika sehemu 2 tu kwa 100 za hewa hiyo, cheche moja inatosha. Yaani lita 2 hivi za kioevu zikisambaa, chumba kizima ni baruti. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini, penye mkeka na watoto, kwa hivyo hata kidogo kuliko hapo ni hatari.

Kutokana na hayo, sheria zote za gesi zinaeleweka:

Mtungi usimame wima. Ukiulaza, kinachotoka ni kioevu badala ya gesi, na mwali unaruka mara nyingi zaidi ya ulivyotarajia.

Usiupashe moto. Wengine gesi ikikaribia kwisha wanauweka mtungi kwenye maji ya moto au karibu na jiko la makaa ili watoe kidogo kilichobaki. Hiyo ni kuongeza nguvu ya gesi ndani ya chuma usichojua umri wake. Bei ya kikombe kimoja cha chai haistahili hatari hiyo.

Usinunue gesi iliyojazwa uchochoroni. Mtungi unaojazwa vizuri huachiwa nafasi ya juu, kama sehemu 15 au 20 kwa 100, kwa sababu kioevu kikipata joto kinavimba. Anayejaza kwa mpira nyuma ya duka hapimi nafasi hiyo. Mtungi uliojaa pomoni ukipigwa na jua hauna pa kuvimbia, unapasuka. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka, watu kadhaa wakafa na mamia wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, mtungi uwe na lakiri, na upimwe kwa mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu yake. Jumlisha na kilo 6. Ukipungua umeibiwa, ukizidi umebebeshwa hatari.

Kagua kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Paka povu kwenye koki na kwenye mpira. Povu likitoa mapovu yanayokua, panavuja. Mpira uliopasuka usifungwe kwa gundi, ubadilishwe.

Ukisikia harufu ya kama kabichi iliyooza, usiwashe taa wala usiizime, usiwashe kiberiti, usipige simu humo ndani. Gesi yenyewe haina harufu. Imetiwa harufu hiyo makusudi ili ikuonye. Funga koki, fungua milango na madirisha, toa watoto, kaa nje. Panda hewa ya chini kwa kufungua mlango wazi kabisa, maana dirisha la juu peke yake halitatoa kitu kilicholala sakafuni.

Maswali yaliyoulizwa

Mama mmoja: Nikipikia kikundi chakula kingi, mtungi unatoa jasho na unakuwa baridi kama barafu. Je, umeharibika?

Jibu: La, haujaharibika. Kumbuka mtungi wa udongo. Kioevu kikigeuka gesi kinachukua joto, na kinalichukua kutoka kwa chuma cha mtungi. Ukitumia gesi nyingi kwa haraka, chuma kinapoa mpaka unyevu wa hewa unaganda juu yake. Mwali ukipungua, zima upumzike kidogo, utapata joto wenyewe kutoka hewani. Usiusaidie kwa moto.

Kijana wa boda boda: Sisi tunabeba mitungi minne au mitano kwa wakati mmoja, imelazwa. Tufanyeje na ndiyo riziki yetu?

Jibu: Kijana wangu, swali lako ni zito. Anza na haya: beba michache, isimame wima ndani ya kreti iliyofungwa vizuri, usibebe abiria pamoja nayo, usivute sigara, wala usiiache juani ukinywa chai. Na jiungeni nyinyi waendeshaji muongee na wenye maduka. Anayepata faida kwa mzigo wako agharamie kreti. Peke yako atakufukuza, mkiwa kumi atawasikiza.

Nyanya mmoja: Mjukuu akiwa na mafua namfunika blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto. Ni vibaya?

Jibu: Nyanya, nia yako ni njema, na desturi hii ni ya wengi. Lakini mtoto hatulii, na sufuria ikimwagika mmefunikwa pamoja, mvuke na maji vinamchoma usoni na kifuani. Mpe vya kunywa vya vuguvugu, msafishe pua, na akipumua kwa shida mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Mzee mmoja: Nyumba yangu ni chumba kimoja. Mtungi nitauweka wapi?

Jibu: Karibu na mlango, si karibu na kitanda, na usiwe ndani ya shimo au kabati lisilo na hewa. Toboa nafasi ya hewa chini ya mlango au chini ya ukuta. Kila usiku kabla ya kulala, funga koki ya mtungi wenyewe, usitegemee ile ya jiko tu.

Namalizia hapo. Nawaomba kitu kimoja. Wiki hii kila mmoja aliye hapa aende kwa jirani mmoja ambaye hakufika, akiwa na kipande cha sabuni na kopo la maji, wakague mtungi wake pamoja. Mkirudi mwezi ujao, mtuambie mmekuta mingapi inayovuja.